Simulesheni kwenye kompyuta 3: saa zimelingana, majibu hayalingani

Kokotoa

Wakuu, salaam. Simulesheni ya mji, programu 3, kila moja kwenye kompyuta yake:

A: barabara, magari na taa. Inapiga hatua za milisekunde 100.
B: mtandao wa redio ambao magari yanatumia kupashana habari. Haina hatua, inaenda kwa matukio.
C: betri za magari na vituo vya kuchajia. Hatua yake ni sekunde 1.

Zinaongea kwa TCP (njia ya kutuma data mtandaoni kwa mpangilio). Kila ujumbe unapigwa muhuri wa saa ya kompyuta iliyoutuma. Chrony, programu ya kulinganisha saa za kompyuta, inaonyesha saa zinapishana chini ya milisekunde 1. Mbegu ya namba za nasibu ni ileile kila mara. Pamoja na hayo, idadi ya magari yanayoishiwa chaji njiani hubadilika kila programu zikiendeshwa upya, na kwenye logi ya C kuna jumbe zinazofika zikiwa na muda ambao C imeshaupita. Kadi za mtandao zenye PTP (njia ya kulinganisha saa kwa usahihi mkubwa) zitamaliza hili?

mshale_wa_saa

Usinunue kitu, mkuu. PTP itakutoa kwenye milisekunde ikupeleke chini ya maikrosekunde, na jumbe zilizochelewa zitabaki palepale kwenye logi.

Umechanganya saa mbili. Ipo saa ya kompyuta, na upo muda wa ndani ya simulesheni, ambao ni namba tu inayopanda kadiri programu inavyochakata matukio. Dakika 60 za mji wako zinaweza kuisha kwa dakika 2 za kweli, au zikala siku nzima. NTP (njia ambayo Chrony inaitumia) na PTP zinalinganisha ile saa. Majibu yako yanategemea ule muda.

Tazama ujumbe mmoja kwa karibu. A iko kwenye sekunde ya 12.3 na inatuma "gari 41 limefika kituoni". C haikuwa na kazi nyingi, imeshamaliza hatua ya 13.0 na imempa gari 58 nafasi ya mwisho ya kuchaji. Ujumbe wa 12.3 unaingia. Kwa haki ya muda, nafasi ile ilikuwa ya 41. Leo mtandao ukiwa mwepesi, ujumbe unafika kabla C haijavuka. Kesho unachelewa kidogo, na 58 inapata. Hata saa zote zingelingana kwa nanosekunde, C isingejua kwamba kuna kitu cha 12.3 bado kiko njiani. C inajua vizuri kabisa sasa ni saa ngapi. Isichokijua ni kama kuna mwenzake anayeweza kuleta kitu cha nyuma ya pale ilipofika.

Makala ya Lamport ya mwaka 1978 kuhusu mpangilio wa matukio ndiyo mzizi wa mjadala huu wote: kwenye kompyuta zilizotawanyika, kinachohesabika ni nini kilitangulia nini.

Kwa hiyo la kwanza, toa muhuri wa saa ya kompyuta kwenye jumbe. Weka muda wa simulesheni. La pili ni kuzuia programu isivuke muda ambao haijahakikishiwa.

Fundi_Foleni

Njia rahisi kuliko zote, na kwa mfumo huu nadhani ndiyo inayokufaa: wote watembee pamoja kwa dirisha la milisekunde 100. Kila programu inachakata matukio yake yote kuanzia 12.3 hadi kabla ya 12.4, inatuma matokeo yakiwa na muhuri wa 12.4 au zaidi, halafu inangoja wenzake. Hakuna anayegusa 12.4 mpaka wote wamalize.

Kosa la kawaida hapa ni kungoja programu na kusahau jumbe. Programu zote zinasema "nimemaliza", mlango unafunguliwa, kumbe kuna ujumbe bado uko kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya kadi ya mtandao. Kwa TCP dawa yake ni ndogo: alama ya "nimemaliza hatua ya 123" ipite kwenye muunganisho uleule unaobeba data, ikiwa ya mwisho. TCP haipangui mpangilio ndani ya muunganisho mmoja, hivyo ukiipata alama kutoka kwa kila mwenzako, data yao yote unayo tayari. Ukituma alama kupitia muunganisho mwingine au kupitia mratibu wa kati, uhakika huo umeupoteza. Hapo itabidi uhesabu: jumla ya zilizotumwa ilingane na jumla ya zilizopokewa ndipo mlango ufunguke.

Gharama yake piga hivi. Saa 1 ya mji ni hatua 36,000. Kungojana kukila milisekunde 0.2 kila hatua, ni sekunde 7.2 kwa mbio nzima. Si kitu. Ukishusha hatua hadi milisekunde 1, zinakuwa hatua milioni 3.6, na kungojana peke yake kunakula dakika 12.

Na tafadhali weka TCP_NODELAY. Bila hiyo, algoriti ya Nagle inashikilia ujumbe mdogo ikisubiri uthibitisho, na upande wa pili Linux nayo inaweza kuchelewesha uthibitisho kwa milisekunde 40. Zidisha 40 kwa hatua 36,000: dakika 24 za kukaa bure huku prosesa zote zikionyesha hazina kazi. Ukiona simulesheni ni nzito na prosesa zimelala, anzia hapo.

Kokotoa

Nimekupata. Ila B haina hatua. Matukio yake yanapishana kwa maikrosekunde. Nikiifunga kwenye dirisha la milisekunde 100 si naiharibu?

Fundi_Foleni

Ndani ya dirisha B iko huru, ichakate matukio elfu kumi ikitaka. Kinachobadilika ni muda wa kutoka nje: tukio la B la 12.317 litaifikia A kwenye 12.4. Lakini A yenyewe haisomi chochote katikati ya hatua, kwa hiyo hata ungelileta kwa wakati lingekaa kwenye foleni mpaka 12.4.

Swali la kujiuliza ni la mfano wako wa mji, siyo la programu. Gari linaloenda mita 25 kwa sekunde linasogea mita 2.5 ndani ya milisekunde 100. Kama unapima chaji, haina shida. Kama unapima onyo la kufunga breki linalopita kwenye B, mita 2.5 ndizo tofauti ya kugonga na kutogonga, na hapo hatua ya A yenyewe ni kubwa mno.

binti_hesabu

Niongezee njia ya pili, maana kuna wenye mifumo ambayo hatua moja ya pamoja haiwezekani. Ni njia ya tahadhari, yenye jumbe tupu. Ilitoka kwa Bryant mwaka 1977 na kwa Chandy na Misra mwaka 1979, kila upande kivyake.

Kila programu ina foleni moja kwa kila anayeitumia jumbe. Inachakata tukio lenye muhuri mdogo kuliko yote, lakini pale tu kila foleni ina kitu. Foleni moja ikiwa tupu inabidi ungoje, maana hujui huyo atatuma nini. Hapo ndipo kukwama kunapotokea: A inaingoja B, B inaingoja C, C inaingoja A, na wote wana kazi mkononi.

Ujumbe tupu unavunja hilo. Hauna tukio ndani, una ahadi tu: "kutoka kwangu hutapata kitu chenye muhuri chini ya T". T inapatikana kwa kujumlisha muda uliopo na lukahedi, yaani kiasi cha chini kabisa ambacho lazima kipite kabla tendo lako halijamgusa mwenzako.

Lukahedi ndiyo roho ya njia hii, na haitungwi, inatoka kwenye mfano wenyewe. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unatumia takriban maikrosekunde 5 kwa kilomita, basi kiungo cha kilomita 10 kinakupa maikrosekunde 50. Barabara inatoa nyingi zaidi: gari likiingia kipande cha mita 300 na kasi ya juu ni mita 30 kwa sekunde, haliwezi kutokea upande wa pili kabla ya sekunde 10. Ndiyo maana unapogawa mfano kwenye kompyuta, kata mahali penye ucheleweshaji mkubwa. Ukikata katikati ya makutano utalia.

Lukahedi ikiwa ndogo, jumbe tupu zinafurika. Chukua programu 2 zilizoko kwenye 10, tukio lijalo liko kwenye 40, lukahedi ni 0.005. Ya kwanza inaahidi 10.005, ya pili inajibu 10.010, na kuendelea hivyo. Jumbe 6,000 zinapita bila tukio hata moja. Lukahedi ikiwa 0 kwenye mzunguko, haziendi popote. Dawa yake ni kuulizana kwa pamoja: kila mmoja anataja muda wa tukio lake lijalo, inachukuliwa ndogo kuliko zote, na wote wanaruhusiwa hadi hapo kujumlisha lukahedi. Kwenye mfano huo mnaruka kutoka 10 hadi 40 kwa mara moja. Kati ya programu za simulesheni ya mitandao, ns-3 inazo njia zote mbili juu ya MPI (maktaba ya kupashana jumbe kati ya programu), OMNeT++ inazo jumbe tupu.

Halafu kuna lukahedi ya uongo. Msimbo unatangaza sekunde 1, mtu anaongeza tukio jipya linalotuma baada ya 0.2, hakuna anayekumbuka. Mfumo uliojitengenezea hautalalamika, utatoa majibu mabovu kimyakimya. Weka ukaguzi kwenye kazi ya kutuma: muhuri ukiwa chini ya muda uliopo kujumlisha lukahedi, programu ife papo hapo.

rudi_nyuma

Mnamfunga mtu pingu bure. Kuna njia ya matumaini, Time Warp ya Jefferson, 1985. Kila programu inakimbia bila kumngoja mtu. Ujumbe wa nyuma ukifika, unarudisha hali iliyohifadhiwa kabla ya muda huo, unatuma jumbe za kufuta kwa kila ulichokuwa umetuma kimakosa, unachakata upya. Haikwami, na haidai lukahedi.

binti_hesabu

> Haidai lukahedi

Inadai mengine, ndugu. Lazima uhifadhi hali yote, pamoja na hali ya kizalishi cha namba za nasibu. Wengi wanaisahau hiyo, halafu wakirudi nyuma wanapata historia nyingine. Ulichoandika kwenye faili au kutuma kwenye kifaa hakirudishiki, kwa hiyo unakizuia mpaka GVT ipite.

Kwa wasioijua, GVT ni muda ambao hakuna tena atakayerudi nyuma yake. Hali za kabla ya hapo unazifuta, kumbukumbu inapumua. Mtego wake uko kwenye kuikokotoa. Programu 3 zinaripoti 50, 52 na 55. Mtu anatangaza GVT ni 50 na kufuta vya nyuma. Kumbe kuna ujumbe wa 47 angani. Unafika, hali ya 47 haipo tena, kwaheri. Jumbe zilizo njiani lazima zihesabiwe. Mattern anafanya hivyo kwa kuzipaka jumbe rangi 2 na kuhesabu za rangi ya zamani mpaka ziishe.

Na programu moja ikikimbia mno mbele ya nyingine, mnaanza kurudi nyuma kwa mfululizo, kila kurudi kunazaa kurudi kwingine. Wengi wanaishia kuweka kikomo cha kutangulia.

rudi_nyuma

Kikomo nakubali. Kuhusu kuhifadhi, siyo lazima unakili kila kitu: ROSS, programu ya simulesheni ya njia hii ya matumaini, inatendua tukio kwa hesabu ya kinyume. Uliongeza 1, unapunguza 1.

Lakini kwa programu 3 ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya kurudi nyuma, sawa, sitamshauri Kokotoa aanzie huku. Kila kigeu ndani ya A, B na C kitahitaji kuguswa.

mshale_wa_saa

Kama hutaki kujiandikia, ipo HLA, kiwango cha kuunganisha simulesheni, IEEE 1516, toleo la 2000 na la 2010 ndiyo mengi utakayoyakuta yamesakinishwa. Kila programu ni federeti, na RTI, programu inayoziunganisha, ndiyo inayosimamia muda. Federeti inatangaza kama inadhibiti muda wa wengine, kama inadhibitiwa, au vyote viwili. Hapa zote 3 ziwe vyote viwili.

A na C zitumie Time Advance Request (ombi la kusogea hadi muda fulani), B itumie Next Message Request, ambayo inasema "nipeleke kwenye tukio langu lijalo, au kwenye ujumbe wowote utakaotangulia". Ukishapewa ruhusa ya kufika 12.4 kwa ombi la kwanza, jumbe zote za mpangilio wa muda hadi 12.4 umeshazipokea.

Yanayowaangusha watu:

- Ujumbe umetumwa bila muhuri, au kwenye FOM (faili la maelezo ya jumbe za pamoja) umeandikwa wa mpangilio wa kupokea. RTI inauleta saa yoyote, na umerudi ulipoanzia. Hili ndilo la kwanza kukagua, kila mara.
- Mtu kasimamisha federeti moja kwenye kitafuta-hitilafu. Kama inadhibiti muda, shirikisho zima limeganda. RTI haijaharibika, inatii.
- Federeti imeomba 12.4, na kabla ya ruhusa inajaribu kutuma kitu cha 12.35. Hairuhusiwi: ukishaomba, muhuri wako wa chini ni muda ulioomba kujumlisha lukahedi.

Programu zako zikiwa FMU (moduli za simulesheni zinazofuata kiwango cha FMI), kazi ya RTI inafanywa na msimamizi anayeita fmi2DoStep. Kurudisha hatua kunawezekana pale tu FMU imetangaza canGetAndSetFMUstate.

Kokotoa

Nimeweka dirisha la milisekunde 100 na alama kwenye muunganisho uleule. Jumbe za nyuma zimekwisha kabisa kwenye logi. Lakini majibu bado yanabadilika, sasa kidogo tu, gari 1 au 2. Na mara nyingine C inafanya hatua yake baada ya hatua 11 za A badala ya 10.

binti_hesabu

Hatua ya 11 hiyo ni desimali. Jumlisha 0.1 mara 10 kwa namba za biti 64, unapata 0.9999999999999999. C inauliza "imefika 1.0?", inaambiwa bado. Usitumie desimali kwa muda. Tumia namba kamili ya biti 64 ikihesabu nanosekunde. Inatosha miaka 292 kabla ya kujaa. Kwenye HLA chagua HLAinteger64Time badala ya HLAfloat64Time.

Gari 1 au 2 zinazobaki, naona ni matukio ya muda mmoja. Kwa kuwa sasa jumbe nyingi zina muhuri wa 12.4 hasa, nani anatangulia? Kama foleni yako inapanga kwa muda tu, anatangulia aliyefika kwanza kwenye soketi, na hilo linabadilika. Panga kwa vitu 4: muda, kipaumbele cha aina ya tukio, namba ya mtumaji, namba ya mfuatano kwa mtumaji huyo. Kufika kwanza kusihesabike popote.

Vingine viwili vya kuchungulia: kupitia jedwali la heshi kwa lupu, ambako mpangilio unaweza kutofautiana kila programu ikiwashwa, na jumla ya desimali inayofanywa na tredi nyingi, kwa kuwa (a+b)+c si lazima ilingane na a+(b+c). Na kizalishi cha nasibu kiwe kimoja kwa kila gari. Kikiwa kimoja kwa programu nzima, gari moja likibadili zamu, yote yanayofuata yanapata namba zisizo zao.

kasukari

Samahani kuingilia. Sisi upande wetu kuna usukani halisi na mtu ameketi, simulesheni lazima iende sawa na saa ya kweli. Hapo bado mnasema saa hazina maana?

mshale_wa_saa

Hapo zina maana sana, ni kesi nyingine. Huwezi kumngoja mwenzako, kwa sababu mtu wa usukani hangoji. DIS, kiwango cha simulesheni za saa ya kweli, IEEE 1278, imejengwa hivyo: kila kompyuta inatangaza mahali ilipo, wengine wanakadiria inakosogea mpaka tangazo jingine lije. Kwa kawaida asiyebadilika hutangaza kila sekunde 5, na akikaa kimya sekunde 12 anaondolewa. Muhuri wake ni biti 32. Saa 1 imegawanywa mara 2 kwa kipeo cha 31, kama maikrosekunde 1.68, na biti ya chini kabisa inasema kama saa imelinganishwa na UTC (saa ya dunia) au ni ya mashine yenyewe. Unaanza upya kila saa, kwa hiyo msimbo wa kutoa tofauti uishughulikie dakika ya 60.

Kwa nini saa: gari la mita 25 kwa sekunde, saa ikikosea milisekunde 20, linaonekana nusu mita mbele au nyuma ya lilipo.

NTP inakadiria hivi. Umetuma saa yako ikisoma 100.000, seva imepokea 100.060 na kujibu 100.061 kwa saa yake, umepokea 100.021 kwa yako. Tofauti ya saa ni (60 + 40) ÷ 2 = milisekunde 50, na safari ya kwenda na kurudi ni 20. Inadhania kwenda na kurudi ni sawa. Kama kwenda kulikuwa 18 na kurudi 2, umekosea kwa 8 na hakuna kipimo kitakachokuonyesha.

Tahadhari kwa vitendo: saa ya mfumo inaweza kurukishwa katikati ya mbio. Kwa chrony, `makestep 1.0 3` inaruhusu kuruka kwenye marekebisho 3 ya kwanza tu. Ngoja `chronyc tracking` itulie ndipo uanze. Mwendo wa ndani upime kwa CLOCK_MONOTONIC (saa isiyorudi nyuma), na ulale mpaka muda maalumu kwa clock_nanosleep na TIMER_ABSTIME. Ukilala "milisekunde 10" kila duru, muda wa kuchakata unajilimbikiza na unachelewa polepole.

PTP: `ethtool -T eth0` kwanza, uone kama kadi inapiga muhuri kwa maunzi. Na ukiona kompyuta moja iko mbele ya nyingine kwa sekunde 37 kamili, siyo hitilafu ya kadi. Moja inasoma TAI (saa ya atomiki isiyo na sekunde za nyongeza) na nyingine UTC.

Kokotoa

Namba kamili na mpangilio wa vitu 4 nimeweka. Mbio 5 zimetoa jibu moja. Nitajuaje ni kweli na si bahati?

Fundi_Foleni

Uchokoze mtandao makusudi kwa netem, zana ya Linux ya kuchelewesha pakiti. Kwenye kompyuta moja:

`tc qdisc add dev eth0 root netem delay 20ms 15ms`

Hapo kila pakiti inayotoka inacheleweshwa kati ya milisekunde 5 na 35. Endesha, kisha hamishia kwenye kompyuta nyingine, endesha tena. Itakuwa polepole, lakini jibu lisibadilike hata tarakimu moja. Likibadilika, kuna mahali bado panategemea kufika kwanza.

Ili upapate, kila programu iandike mstari mmoja kwa kila tukio lililochakatwa: muda, mtumaji, namba ya mfuatano, aina. Usiandike saa ya kompyuta kwenye faili hilo, itakuharibia ulinganisho. Linganisha mbio 2 kwa `diff` na utazame mstari wa kwanza tu unaotofautiana. Ya chini yake yote ni matokeo ya huo. Faili zikiwa kubwa, andika heshi moja kwa kila hatua, tafuta hatua ya kwanza iliyoachana, kisha washa logi kamili kwa hatua hiyo pekee.

Kokotoa

Zimeachana kwenye hatua ya 8,114, kwenye C. Ni lupu juu ya jedwali la heshi la magari yanayosubiri kuchaji. Nimelipanga kwa namba ya gari, sasa netem iwashwe izimwe jibu ni lilelile. Ila mbona bado inaenda taratibu hivi?

Fundi_Foleni

`tc qdisc del dev eth0 root`

Iondoe kwenye kompyuta zote ulizoiweka.